Ndege Aliyevaa Gauni la Bibi Harusi

We, mikono yangu ni ya dhahabu, usibishe! Mpwa wangu katakiwa shuleni apeleke ndege wa kuchezesha kwa mkono, wa takataka za nyumbani tu. Nikamwambia, "Mwachie mjomba."

Mwili soksi kuukuu, macho vifuniko vya soda, mdomo boksi la maziwa, ukivuta uzi unafunguka. Manyoya nikakata kwenye makaratasi ya kaki niliyoyakuta chini ya cherehani ya dada. Takataka safi kabisa!

Takataka, ndugu yangu, kumbe ndivyo vipimo vya kukatia gauni la bibi harusi. Dada kavichora siku mbili, kitambaa hajakikata, na bibi harusi mwenyewe anakuja kesho kulijaribu!

Dada akaingia. "Karatasi zangu ziko wapi?"

Nami, msomi mzima, nikajibu, "Labda upepo, dada."

UPEPO! Madirisha yote yamefungwa!

"Upepo gani, wewe?"

Hapo hapo mpwa wangu kamvaa ndege mkononi, kavuta uzi. Mdomo ukafunguka, kasauti kembamba kakatoka: "Mama, nimezivaa mimi. Mjomba alikuwa akinikatia huku anapiga mluzi."