Chumvi Haipandi Ngazi

Kwako kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, wifi yangu, na wale watoto ambao nasikia wameanza kukupita urefu. Sisi hatujambo, ingawa "hatujambo" ya safari hii ina mengi ndani yake. Baba anaendelea vizuri kiasi. Hajui kwamba nakuandikia.

Nianze na mazuri. Kile kifaa walichompandikiza moyoni, kinachodhibiti damu ipite kiasi gani, kilimfaa sana. Wewe ulimwacha akilala ameketi kwa kukosa pumzi. Baada ya upasuaji alilala chali kama watu wengine, akakoroma mpaka jirani akagonga ukuta. Akarudi kwenye karakana yake ya makochi, akaanza kugombana na wateja, nikajua huyu kapona. Kila akienda kliniki, mtaalamu wa mashine humwekea kifuani chombo kama pasi ndogo, akakirekebisha kifaa kutoka nje bila kumkata. Alikuwa amekipata kabisa kipimo cha damu kinachomfaa Baba, akatuonya kwamba moyo wa mzee umechoka, tusiuharakishe.

Sasa sikia walichotutendea. Mkuu wa kitengo cha moyo, yule daktari bingwa tunayemwita Suti, aliandaa hafla ya kuwaonyesha wageni kifaa chao. Akataka Baba apande ngazi mpaka ukumbini, ghorofa ya tatu, bila kupumzika, wageni wakimtazama. Baba akasema kwa kipimo kile hawezi. Suti akajibu kwamba hilo si tatizo, kitaongezwa kidogo. Kana kwamba anazungumzia feni!

Haya yote niliyajua baadaye. Mimi niliitwa kwenye hafla tu, nikaenda nikiwa nimefurahi kama mjinga. Baba alivaa koti lake la kijivu. Alipanda. Kwenye kona ya pili nilimwona ameshika reli mpaka mishipa ya mkono imemtoka, lakini hakusimama. Makofi yakapigwa. Suti akamshika bega akawaambia wageni, "Huyu hapa mgonjwa wetu," hata jina asimtaje, utafikiri anauza friji.

Kesho yake miguu ilikuwa imevimba kama mito, midomo imebadilika rangi, na Baba anahema kama mtu aliyetolewa majini. Nikamkimbiza hospitali. Unajua Suti alisema nini, kaka? Alisema Baba amekula chumvi. Mimi ndiye ninayepika! Chumvi tuliiaga nyumbani tangu upasuaji. Chakula chetu sasa kina ladha ya maji ya kunawia, na tunakila wote hivyohivyo ili mzee asijione mpweke. Nikamwambia mbele ya wauguzi, kwa sauti isiyokuwa na adabu hata chembe, kwamba chumvi haipandi ngazi. Muuguzi mmoja akageukia dirishani kuficha kicheko. Mimi sikucheka.

Wakakishusha kipimo, wakampa dawa za kutoa maji mwilini, wakamlaza wiki nzima. Sasa yuko nyumbani, lakini nguvu zile hazijarudi zote. Nyundo aliyokuwa akiirusha na kuidaka huku anapiga soga, leo anaishika kwa mikono miwili.

Nilidai kuambiwa nani aliruhusu. Suti akajibu kwamba familia iliridhia. Familia ipi, na mimi ndiye ninayelala chumba cha pili na Baba? Ndipo mtaalamu wa mashine akaniita pembeni, macho chini. Akanieleza kwamba Baba aliposita, Suti alikupigia simu wewe, kifungua mimba, msomi wetu. Nawe ukasema, "Ongezeni tu. Mzee wangu si mtu wa kushindwa na ngazi."

Kaka, hukuuliza hata anapumuaje? Hukusema, nipeni niongee naye? Ulitoa ruhusa ya moyo wa mtu mwingine kama anayeazimisha baiskeli!

Niliapa kumficha Baba. Nikasema nitakuandikia nikutukane, yaishe kati yetu. Lakini juzi, nikimbadilishia shuka, nikaropoka kwamba Suti ni mwongo na atanitambua. Baba akasema nimwache. Akaniambia simu ile ilikuwa kwenye spika, juu ya meza, na yeye ameketi palepale, vifungo vya shati viko wazi. Alikusikia neno kwa neno. Akasema hajawahi kukusikia ukimsifu mbele ya watu. "Sasa ningekataaje," akaniuliza, "nikamtia mwanangu aibu?"

Nilitoka nikaenda kulilia uani.

Alinikataza nisikwambie, na nimemvunjia neno lake nikiwa na akili zangu timamu. Hospitali nimeshaiambia kwamba kipimo kile hakiguswi mpaka Baba mwenyewe atamke ndiyo kwa kinywa chake, si mimi, si wewe. Nawe usiniandikie maelezo. Mpigie yeye.

Nisalimie wifi, wabusu watoto. Hasira zangu ziko palepale, na undugu uko palepale. Baba huwasimulia wateja yale uliyoyasema kwenye simu, huku ameshika kifua na kutabasamu, nami huenda kumpikia chakula chake kisicho na chumvi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba