Mtamba na Brauza

Akheri, 15 Aprili 2024

Mjukuu wangu Aikaeli,

Hujambo? Unakula? Mimi mzima, masikio tu ndiyo yamegoma simu. Anayeandika ni jirani yetu Pudensiana. Nikisema neno kali analilainisha, kwa hiyo wewe lisome kwa ukali.

Mjomba wako Richard kasema kompyuta yako inaganda kila ukifungua hiyo brauza ya kuongea na bosi wako, na ikiganda tena wiki ijayo, kazi huna. Fundi anataka ununue mpya, yenye prosesa ya kisasa, eti ndiyo ubongo wake. Niambie ukweli: atakayefaidika ni brauza, au ni fundi? Usiponijibu, Jumamosi Simel mfugaji anamnunua mtamba wangu, nawe ununue hiyo kompyuta.

Bibi yako


Sekei, 18 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Hapo nyumbani hamjambo? Nakula, ila si kama kwako.

Usimuuze! Brauza inafaidika, ndiyo. Ile ya zamani, ya biti 32, hata kompyuta iwe na kumbukumbu nyingi, yenyewe hutumia sehemu ndogo tu, kisha inakwama. Ya biti 64 ina nafasi zaidi, na ni salama zaidi. Lakini haina miujiza: mtandao ukiwa mzito, ni mzito tu.

Tena Derick, fundi mwingine, wa Kwa Mrombo, ameifungua yangu akacheka. Prosesa yake ni ya biti 64 tangu naipata! Walioniuzia waliiwekea tu Windows ya zamani, ya biti 32. Ataweka mpya na kuongeza kumbukumbu, basi. Mtamba abaki. Barua hii nampa Mjomba.

Mjukuu wako, Aika


Akheri, 22 Aprili

Aika, mama yangu,

Umeamkaje? Sisi tupo.

Huyo Richard! Barua kampa mzee wa kanisa, kama barua zote za hapa zinavyopita, nami nimeipata jana baada ya ibada. Simel alishakuja juzi. Kamba nilifungua mwenyewe.

Usilie. Pudensiana analia, anatosha. Hela anakuletea Richard. Kilichoniuma si ng'ombe. Ni wewe kuona aibu kuniambia shida yako mpaka niisikie kwa watu.

Bibi


Sekei, 24 Aprili

Shikamoo Bibi yangu,

U mzima? Kazi ninayo! Jana nimeongea na bosi mpaka mwisho, brauza haikuganda hata kidogo. Mtandao ulikatika, lakini hata wa kwake ulikatika.

Nisamehe kwa kukuficha. Hela sijaigusa. Jumamosi nakuja, twende wote kwa Simel tumrudishe mtamba.

Aika wako


Akheri, 25 Aprili

Aika,

Mungu mwema. Mimi mzima, leo hata mgongo umesahau kuuma.

Kwa Simel hatuendi. Kaja mwenyewe asubuhi, kamvuta mtamba, jasho linamtoka. Kumbe alimpeleka malishoni na wenzake. Wenzake wanakula, yeye kasimama tu, anangoja mgomba uliokatwakatwa, tena kwenye hori. Siku zote hizo hajagusa jani! Simel kaniuliza, "Bibi, umeniuzia ng'ombe au biharusi?" Nikamwambia ng'ombe wa kwangu hulishwa, hatupwi nje kama mbwa.

Hela yake mrudishie. Wewe Jumamosi njoo hivyo hivyo. Mkungu nimeshakata. Na hiyo kompyuta iache huko, nataka kukuangalia usoni.

Bibi yako