Kitambaa Chekundu Dirishani

Masanja, ndugu yangu,

Nilisema uongo juu ya kifo chako, na sasa sina nguvu ya kuendelea kuubeba. Naandika nikiwa kitandani, mistari mitatu kisha napumzika. Mkono ulioandika vitabu vyote vya ofisi ya mgodi leo hauwezi kushika kikombe.

Mkeo, Mama Kulwa, alikuja jana kutoka Nkome. Huko ndiko anakoanika dagaa tangu alipotolewa kwenye nyumba ya mgodi. Alipiga goti, "Shikamoo, Baba Tabu," akaanza kunilisha uji. "Meza, baba. Ukikataa nitakushtaki kwa Masanja." Bado anakutaja hivyo, kama mtu aliyetoka kidogo tu. Nilitaka kumwambia. Nikafumbua kinywa, nikapokea kijiko kingine.

Unaikumbuka injini ile ndogo ya petroli, waliyonipa wazungu nilipostaafu? Wewe, fundi umeme wa mgodi, ulinifungia mwenyewe waya wake kwenye ubao wa swichi, stoo. Ukanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza, mimi niliyesoma kwa Wamisheni tangu enzi za Mjerumani: "Karani, kwanza shusha swichi kubwa. Pili, tundika kitambaa chekundu dirishani. Tatu, ndipo uvute kamba. Swichi ikiwa juu, umeme wa injini haubaki kwako. Unatoka na waya mpaka nguzoni, unanikuta mimi." Ukacheka. "Na mke wangu hana mume wa akiba."

Tangu siku hiyo hukupanda nguzo ya nyuma ya nyumba yangu kabla ya kukiona kitambaa. Ukikiona, hukuuliza tena. Uliniamini kiasi hicho.

Alasiri ile mvua ilikuwa imekata waya, kambi nzima haina umeme. Sebuleni kwangu walikaa wakwe kutoka Kagongwa, wamekuja kumposa binti yangu Tabu, na mimi nilikuwa nimewasifia redio yangu. Nikasikia ukinisalimu kutoka nje: "Mwadila, Karani! Kitambaa vipi?" Dirisha lilikuwa karibu na kiti changu. Stoo ilikuwa mbali. Nikatundika kitambaa, nikajiambia swichi nitaishusha nikipita kwenda kuwasha injini.

Mzee wa upande wao akasema, "Hiyo redio, mkwe, inasema au ni pambo la ukuta?" Wote wakacheka. Masanja, kicheko kile kilinichoma. Nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma, stoo nikaipita. Injini ile ilizoea kunisumbua mpaka jasho. Siku hiyo iliwaka kwa mvuto wa kwanza.

Taa ya jirani nayo ikawaka. Watoto wakashangilia kwamba umeme wa mgodi umerudi. Nikaelewa palepale, na kabla sijazima injini nikasikia kishindo.

Bwana injinia alipokuja alikuta kitambaa dirishani na swichi iko chini. Akaandika kwamba uliteleza, kwamba ulipanda nguzo iliyolowa kwa haraka zako mwenyewe. Watu wakaongeza pombe, wewe ambaye hata togwa ulikuwa ukikataa. Niliulizwa mara moja tu. Nikajibu, "Swichi ilikuwa chini, bwana." Kwa neno hilo Mama Kulwa aliambiwa mumewe alijiua kwa uzembe, akafungasha vyombo vyake.

Redio sikuifungua tena. Injini inaota kutu. Hayo hayakusaidii kitu, najua.

Kwaheri, ndugu yangu. Nakuahidi barua hii haitachomwa. Nimeandika juu yake jina la binti yako, Kulwa. Anasoma vizuri, herufi zake zimenyooka kuliko zangu. Atamsomea mama yake nikiwa hai au nimekufa. Na uji, kama utaletwa tena baada ya hapo, nitaumeza. Usipoletwa, sitauliza.

Umebaki mstari mmoja ambao sijawahi kuutamka hata kwa padri.

Swichi niliishusha mimi, baada ya kishindo. Miaka yote hii nimejidanganya kwamba nilikimbilia ubao ili umeme ukuachie. Umeme ulikuwa umeshakuachia. Nilikuona kwenye tope, macho wazi, mkono wako ukipapasa kutafuta mtu. Nilikuruka, Masanja. Nikaingia stoo, nikashusha swichi ili watakaokuja waikute chini. Niliporudi kwako, mkono ulikuwa umetulia.