Neno la Simaloi

Kwedizinga, Handeni
14 Mei 1996

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Miguu yako inasemaje? Mimi ni mzima, ila vumbi limeniingia mpaka kwenye meno, na nimechoka uchovu ambao usingizi hauutoi.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kulipwa kwa kucheza na watoto. Basi sikia. Mradi unataka kujua watoto wa miaka mitano hadi minane wanayaonaje maisha yao, wao wenyewe, si wazazi wao. Wiki ya kwanza niliuliza kwa mdomo, nikaaibika. Mtoto mwenye adabu hamkatalii mkubwa. Unapenda shule? Ndiyo. Unapenda kuchunga? Ndiyo. Ningeuliza kama wanapenda viboko wangesema ndiyo. Sasa nawapa karatasi na kalamu za rangi, wanachora mahali wanapopapenda, kisha wananishika mkono na kunipeleka.

Upande wa wafugaji wa Kimaasai yuko binti wa miaka saba, Simaloi, anachunga ndama wa baba yake. Alichora dirisha la shule, na chini yake yeye na ndama mmoja. Akanipeleka. Kumbe kila siku anawaacha ndama, anachutama pale na kusikiliza darasa la kwanza. Kiswahili chote alicho nacho amekiokota chini ya dirisha lile. Baba yake, Ledama, hajui. Nimemwahidi hakuna atakayejua mchoro ni wa nani. Jina nimelikata kwa mkasi mbele ya macho yake.

Shangazi, nataka huyu aanze shule Januari. Siku nyingi sijataka kitu namna hii.

Mwanao,
Munira


Masuguru, Korogwe
2 Juni 1996

Mwanangu Munira,

Marahaba. Miguu ni ile ile, inavimba nami nimeizoea. Huku wote wanakusalimu.

Nimecheka hizo ndiyo zako. Miaka kumi na tisa nimelea watoto wa wakata mkonge kule Ngombezi, na hakuna aliyenipa kalamu ya rangi. Mtoto nilimjua wakati wa kumnawisha. Anayekaza mabega, kwao kuna jambo. Sasa chumba chetu cha kulelea watoto kimefungwa, mkonge hauna soko, tunaambiwa ni zama za kila mtu kujitegemea. Akina mama wanawafungia watoto ndani kwa kufuli ili waende vibaruani, nami nauza mitumba sokoni. Habari nzuri ningekuwa nazo ningekupa.

Ila nina neno. Mtoto akikwambia siri, amekutwisha mzigo. Jina umelikata, sawa, lakini hicho ni kijiji, watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Mchoro huo uweke sandukuni. Ukitaka baba yake aelewe, kaa naye mnywe chai, uongee naye polepole.

Shangazi yako,
Mwantumu


Kwedizinga
20 Agosti 1996

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe kwa kimya. Barua yako niliipata, onyo lako nikalisoma, wala sikulifuata.

Mwezi uliopita tulifanya mkutano wa kuwarudishia wanakijiji matokeo. Bwana Filemoni, mkuu wetu, alitaka michoro yote ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji, wazazi wasikie watoto wao. Nami nilitaka. Nilidhani Ledama akiona kuna mtoto anasikiliza darasa dirishani, moyo wake utalainika bila kujua ni mtoto wake. Mchoro wa Simaloi niliubandika kwa mkono wangu.

Mimi mtoto wa wakulima, kwangu ng'ombe ni ng'ombe. Zile rangi za mchoro wake nilizichukulia mchezo: ndama mwekundu, nusu ya uso nyeupe, sikio moja jeusi. Ledama alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu. Akasema bila kupaza sauti, "Huyu ni ndama wangu." Wenzake wakaitikia, kila mmoja alimjua. Aliliwa na fisi mwezi Aprili, na Simaloi alikuwa amesema alichoropoka malishoni. Sasa baba yake alimwona ndama yule amesimama shuleni, si malishoni, na mchungaji wake amechutama kando. Mtu asiyejua kusoma akausoma ukweli wote pale ukutani.

Asubuhi yake binti alipelekwa kwa bibi yake, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Naona haya, Shangazi. Hata chakula kinanishinda.

Munira wako


Masuguru
1 Septemba 1996

Mwanangu,

Marahaba. Sitakugombeza, umeshajigombeza vya kutosha.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Sawa, lakini aliyemwaga hupiga deki. Nenda kwa Ledama. Usiandike, usitume mtu. Beba sukari na majani ya chai, umwombe radhi yeye, kisha mtoto naye umwombe, baba yake akisikia.

Mkono unauma, naishia hapa.

Shangazi yako,
Mwantumu


Kwedizinga
9 Oktoba 1996

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Umeamkaje na mkono? Nimekwenda, na nimerudi.

Ledama alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Wewe ulimwuliza mwanangu. Mimi sijapata kumwuliza hata siku moja. Jambo hilo limenikaa." Ndama ameshakufa, akasema, na hasira imekwisha. "Twende kwa mama yangu. Nitamwuliza mwenyewe. Akitaka shule, Januari ataanza." Tuliondoka alfajiri, na njiani nililia kwa furaha.

Tulimkuta Simaloi anakamua mbuzi. Aliinamisha kichwa, kama watoto wao wanavyoamkia wakubwa, tukamgusa utosini. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza akitazama miguu yangu. Kisha baba yake akachutama mbele yake, akamwuliza kwa Kimaasai, halafu kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Unataka shule?"

"Sitaki."

Akamwuliza tena, kwa upole, kwa upole wa kweli.

"Sitaki. Napenda hapa kwa bibi."

Nilijua si kweli. Nilijua pia ni nani aliyemfundisha kwamba kusema unachokipenda kunaponza. Nikafungua mdomo nimbembeleze. Ledama akanigeukia. "Si mlitwambia pale ofisini kwamba neno la mtoto liheshimiwe?" Hakuwa akinikejeli, Shangazi. Alikuwa anauliza.

Simaloi akarudi kwa mbuzi wake. Basi tukaliheshimu neno lake, tukashika njia ya kurudi.

Mwanao,
Munira