Kontrola Mpya, na Nilivyomsingizia Elibariki

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeifungua tena kontrola ya zamani, mashine yetu ya kuchezeshea muziki kwenye sherehe. Bisibisi, pamba, spiriti. Sahani ya kulia imekufa kabisa, unaizungusha wimbo hata haushtuki. Kitelezi cha sauti cha kushoto kinakwaruza mpaka kwenye spika. Jumamosi watu waligeuka kunitazama kana kwamba ni mimi niliyekohoa. Basi. Nimeifunga, nimeiweka juu ya kabati.

Kipaimara cha mtoto wa dada Anansia ni tarehe mosi Desemba, Bomang'ombe. Ukoo mzima utakuwepo. Nikiharibu pale nimeharibu kila mahali, maana nusu ya kazi zetu zinatoka kwa ndugu.

Elibariki alikuja saa kumi na simu imejaa picha za kontrola. Miaka tisa tunapiga muziki pamoja, mimi na huyu mtoto wa baba mdogo, na bado hata kununua waya ni mjadala. Yeye anataka ile yenye skrini yake, unachomeka flashi, leptopu inabaki nyumbani. Mimi nataka ya kuchomeka kwenye leptopu, kwa sababu nyimbo zetu zote zimo humo pamoja na alama zake. Alama ndiyo kazi yenyewe. Kila wimbo umewekewa vialama vya rangi: hapa keki inakatwa, hapa ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, inaingia, hapa toka kabla mwimbaji hajaanza kulalamika. Unabonyeza kitufe, wimbo unaanzia hapohapo. Nyingi kaziweka yeye, hilo nakiri.

Tumebishana mpaka chai ikapoa. Sikukubali.

Jumanne, 19 Novemba

Nimenunua ninayoitaka mimi. Chaneli mbili. Muuzaji alinisukumia ya chaneli nne, nikamuuliza kama ananiona nina mikono minne. Halafu akaleta yenye mataa. Nikamwambia sipambi mti wa Krismasi. Hii ina sahani pana, vitufe vinane kila upande, maiki ina swichi yake ya kuzungusha, na tundu la hedifoni liko mbele.

Kuiunganisha imekula siku nzima. Kwanza toleo jipya la programu, maana la zamani halikuitambua. Kisha muziki ukawa unatoka kwenye leptopu, spika kimya. Nusu saa natukana waya. Kumbe unaingia kwenye mipangilio unaiambia sauti ipite kwenye kontrola. Kisha sauti ikawa inachelewa: nabonyeza, nasubiri, ndiyo inalia. Nikapunguza ile namba ya kuchelewa mpaka muziki ukaanza kukatikakatika, nikaipandisha kidogo. Sasa iko sawa.

Leptopu ilikuwa imejaa. Nimehamishia nyimbo zote kwenye diski ya nje. Programu ikaleta orodha nyekundu na swali refu, nikabonyeza ndiyo. Siku hizi kila mashine ina maswali kuliko mawifi. Nikaiingiza folda upya, nyimbo zikaja zote. Sikupiga hata mmoja. Mgongo unauma.

Jumatano, 20 Novemba

Elibariki kaja kuiona kontrola. Nilimwacha nayo nikaenda kuchemsha maziwa. Niliporudi amesimama, mikono kiunoni, anaitazama leptopu. Akasema, "Dada, hivi umefanya nini humu?"

Moto ukanipanda. Nilijua tu hataridhika. Nikamwambia kama anataka yenye skrini akanunue yake, na kwamba nimechoka kufanya kazi na mtu ambaye kila kitu changu kwake ni kibovu. Akafungua mdomo. Nikamwambia aufunge. Akachukua koti akaondoka. Maziwa yakamwagika jikoni, hayo nayo nikamlaumu yeye.

Ijumaa, 22 Novemba

Alama hazipo.

Nyimbo zipo. Alama hakuna. Nimefungua wimbo baada ya wimbo, zote tupu. Makundi yetu nayo hayapo, ya ndafu, ya keki, ya wazee. Miaka tisa.

Aliyeachwa peke yake na leptopu ni nani? Ni Elibariki. Aliyeondoka kanuna ni nani?

Nimempigia mara tatu. Hapokei. Nimeingia kwenye grupu la ukoo nikarekodi sauti. Nimewaambia Elibariki amenifutia kazi yote kwa wivu, siku tisa kabla ya kipaimara, ili niaibike mbele ya watu. Dakika mbili nzima. Sikutukana. Ila nimesema kila kitu kingine.

Jumamosi, 23 Novemba

Sauti imesikilizwa na wote. Shangazi wawili wameweka vikaragosi vya kulia. Mjomba kamtaka Elibariki ajibu hapohapo mbele ya watu. Saa sita mchana pakaandikwa kwamba ametoka kwenye grupu.

Dada Anansia kapiga. Anasema Elibariki asikanyage kwake, hata kama mgeni.

Nilifurahi. Hapa naandika ukweli, nilifurahi.

Jumapili, 24 Novemba

Nimetoka ibadani moja kwa moja kwenye leptopu. Naweka alama upya. Nimemaliza nyimbo thelathini. Tatizo sikumbuki yeye alizikatia wapi. Kuna ule wa ndafu alioukata katikati ya pigo, sehemu ambayo mimi nisingethubutu, na kila mara wamama walikuwa wanainuka wote kwa pamoja. Nimejaribu sehemu nane. Wapi.

Sijala tangu asubuhi. Hasira zimebaki, ila sasa zina uchovu.

Jumatatu, 25 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio, nisije nikajidanganya tena.

Nilikuwa natafuta kwenye programu kama kuna njia ya kuweka alama haraka. Nikakuta folda sijawahi kuifungua. Kila unapoifunga programu, inajitunzia nakala ya kila kitu, na kila nakala ina siku na saa. Nakala ya Jumatatu, alama zote zipo. Nakala ya Jumanne saa kumi na moja jioni, hakuna hata moja.

Jumanne. Elibariki alikuja Jumatano.

Jumanne nilikuwa peke yangu. Nilihamisha nyimbo, programu ikaona hazipo pale ilipozizoea, ikauliza izifute kwenye orodha na kila kilichoandikwa juu yake. Lile swali refu. Nikabonyeza ndiyo. Nilipoziingiza tena ikazipokea kama nyimbo ngeni.

Na Jumatano alipouliza nimefanya nini humu, alikuwa ameshaona. Alikuwa anauliza kweli.

Nimekaa sakafuni. Naona haya mpaka masikio yanawaka.

Nimeirudisha ile nakala ya Jumatatu. Nikaielekeza programu kwenye diski ya nje. Alama zikarudi zote, kijani zake, njano zangu. Imechukua muda wa kuchemsha yai.

Nimerekodi sauti nyingine kwenye grupu. Nimesema nimefuta mimi, Elibariki hakugusa kitu, nimemsingizia. Wengi hawajaifungua. Ile ya kwanza walikuwa wameimaliza ndani ya saa moja.

Jumanne, 26 Novemba

Nimepanda Uru, kwao Elibariki.

Sikubeba sale. Nilifikiri njia nzima. Ukimpelekea mtu jani la sale kumwomba msamaha, hawezi kukukatalia. Ndivyo tulivyolelewa, hata kama moyoni anawaka. Nikaona kwenda nalo ni kumfunga mikono. Nilitaka akitaka kunifukuza anifukuze.

Mama mdogo, mama yake Elibariki, nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Shikamoo yangu aliiitikia bila kunyanyuka. Kisha akanitazama mikono. "Umekuja mikono mitupu?" Nikamweleza nilivyofikiri. Akasema kumbe naweza kufikiri, basi ningefikiri Ijumaa. Akanipa panga. "Nenda pale mpakani ukakate. Mimi nimekusikia kwenye simu ya jirani, mwanangu anaitwa mwenye wivu. Utakuja kwa mdomo mtupu?"

Nimeenda kwenye masale ya mpakani, nimekata. Kwa haraka nikakata mawili, moja nikaliacha.

Elibariki alikuwa barazani anaunga waya. Nikapiga magoti. Nikasema niliyoyafanya, moja moja, na saa zake. Akalipokea lile jani kwa mikono miwili. "Yameisha, dada."

Nililia. Mama mdogo akasema nisilie kwenye waya za watu.

Tukala mtori wa ndizi na nyama. Elibariki akaniambia Jumatano alitaka nisibonyeze kitu kingine, maana ile folda ya nakala anaijua, angenionyesha palepale. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nikajikaza nikamwomba Jumapili aje Bomang'ombe. Dada Anansia nitaongea naye mimi. Akatikisa kichwa. Kuna watu wa Tarakea wana mashine zao za muziki, wamemwomba muda mrefu apige nao, juzi amewakubalia. Nikamuuliza na baada ya hapo. Akaweka kijiko.

"Nimekusamehe kabisa. Ila kupiga na wewe sitapiga tena. Kila kitakachopotea nitajua unaniangalia mimi."

Nikasema sitamwangalia. Alichukua bakuli langu akaniongezea mtori.

Nimeshuka na mkungu wa ndizi alionipa mama mdogo. Mzito. Nimepumzika mara nne.

Alhamisi, 28 Novemba

Mazoezi peke yangu. Kontrola ni nzuri, sina la kusema. Nimepunguza ukali wa sahani, sasa zinanisikia. Nimepanga vitufe vya kushoto viwe vya nyimbo za wazee, vya kulia za vijana. Nimezima ile inayosawazisha mwendo wa nyimbo yenyewe, maana nyimbo za wazee zilipigwa kwa mkono, ikizinyoosha zinakuwa kama gwaride.

Nimempigia dada Anansia. Nikamwambia Elibariki hana kosa. Akasema aah, si mmeshayamaliza, basi. Kana kwamba tuligombania ndoo ya maji. Nikamwambia yeye alimkataza mtu asiye na kosa kukanyaga kwake, ampigie. Akasema atampigia. Simwamini.

Jumapili, 1 Desemba

Kipaimara kimepita. Naandika nikiwa bado na viatu.

Umeme ulikuwepo. Maiki haikupiga mluzi. Mtoto aliingia vizuri, keki vizuri, zawadi ndefu kama kawaida yetu.

Ndafu ndiyo iliyonipa shida. Siku zote Elibariki anasimama mlango wa jikoni, ndafu ikiinuliwa ananyoosha mkono, mimi nabonyeza. Leo nilipo sioni jikoni. Nikaweka wimbo mrefu, nikaacha mashine, nikaenda kuchungulia. Ndafu imeshainuliwa, wapishi wamekasirika, mmoja ananiuliza muziki uko wapi. Nikakimbia kwenye meza na gauni nimelishika. Nikabonyeza kijani.

Wamama wakainuka wote kwa pamoja. Mama mdogo alikuwa mbele yao. Alicheza mpaka kilemba kikalegea.

Watu wamenisifu sana. Mjomba kasema kontrola mpya imebadilisha kila kitu. Nikaitikia. Dada Anansia hakumpigia Elibariki, nimemuuliza.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimekunja waya. Nimefuta vumbi kwenye kontrola, nimeirudisha kwenye boksi. Nimetunza nakala mbili, moja kwenye diski na moja kwenye flashi. Mvua imenyesha asubuhi, sasa jua.

Mtu kamrudisha Elibariki kwenye grupu la ukoo. Kaandika hongera kwa mtoto. Watu wamempokea kana kwamba alikuwa safari. Nami nimempa dole gumba.

Mama mmoja wa Machame kapiga. Harusi ya mwanawe baada ya Krismasi. Alikuwepo jana, kapenda ndafu ilivyoingia. Tukapanga saa, tukapanga umeme, nikamwambia meza ya muziki ikae mahali ninapoona jikoni. Mwisho akauliza watu wa muziki mko wangapi, ajue sahani za chakula.

Nikamwambia mmoja.