Neno "Hakika" kwenye Maelekezo ya Ofisi

Dada Mwanaidi,

Tangu tukuzike kwenu Kondoa sijathubutu kukuandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza. Nimeharibu, dada. Nimeharibu kabisa.

Baada ya msiba wako, bosi alileta msaidizi wa akili mnemba wa kuandaa matangazo. Mimi nikapewa kazi ya kumwandikia maelekezo ya ofisi nzima, ukurasa mmoja atakaoufuata katika kila tangazo, la hapa Dodoma au la tawi lolote. "Wewe ndiye uliyefundishwa na Mwanaidi," aliniambia. Nikajiona mkubwa. Nikaandika jinsi ya kusalimia wateja, rangi za nembo, maneno ya kuepuka. Bosi akasoma, akasema tumepooza mno. Nikaongeza: "Zungumza kwa uhakika. Usimwachie mteja shaka."

Sentensi mbili tu, dada.

Unakumbuka tangazo la mbegu nililokuletea mwaka wangu wa kwanza, ukalikata kwa kalamu nyekundu huku unatafuna karanga? "Neema, mvua si yetu. Mkulima ukimwambia hakika, anaacha uwele wake unaovumilia ukame." Nilicheka. Kwenye ule ukurasa sikuyaweka maneno hayo. Niliyasahau? Hapana. Niliogopa bosi ataniona mzito.

Akaja mteja wa mbegu za mahindi. Msaidizi akaandika nilivyomwagiza: "Panda hata ukichelewa, utavuna kwa hakika." Nikasoma, nikabonyeza tuma. Ujumbe ukaingia kwenye simu za wakulima wa Kibaigwa na vijiji vya jirani. Mvua ikakatika mapema.

Juzi akaja Mama Nyemo, mkulima wa huko, mpaka ofisini kwetu, mtaa wa Kikuyu hapa mjini. Kwenye khanga amefunga mabua makavu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, ndipo akanionyesha ule ujumbe. "Mwanangu, hii hakika kasema nani?" Nikamjibu ni mfumo. Dada, nilimjibu ni mfumo! Akaniangalia. "Huyo Mfumo anakaa wapi, nimfuate?"

Alifunga mabua yake akaondoka.

Jana nilizifuta zile sentensi, nikaandika kwamba msaidizi asimwahidi mkulima mvua wala mavuno. Kabla ya mchana bosi alikuwa amezirudisha. Anasema mteja atakimbia. Nilijifungia chooni nikalia mpaka wenzangu wakagonga mlango. Sili, dada. Nakuuliza nifanye nini, nakuuliza tena, na wewe kimya. Ungenigombeza tu. Ningeshukuru.

Asubuhi napanda basi la Kibaigwa. Nitamtafuta Mama Nyemo, nimwombe awaite na wenzake, niwaambie nani aliandika, na wale wanaosubiri msimu ujao wasipande kwa kuniamini. Kazi itaondoka, najua. Labda hawatanisamehe pia, na siendi kuwaomba hilo.

Mungu akulaze pema, dada yangu. Siahidi kwamba nitatengeneza nilichovunja. Nakuahidi nitasimama mbele yao, niseme kwa mdomo wangu, na nisiondoke mpaka wa mwisho wao amalize kunifokea.

Mdogo wako,
Neema