Matofali Yenye Chokaa Pande Mbili

Mpendwa baba,

Alhamisi naingia tena kwenye ule mtihani wa kuomba nafasi ya kusomea udaktari wa meno nje ya nchi. Nimeandika "tena" na najua umeshtuka. Nivumilie, nitafika hapo.

 Tangu Jumapili, hapa Mbalizi kwenye kliniki ya meno ninakosaidia, nimempa daktari koleo badala ya kioo mara mbili, na mgonjwa aliyekuwa ameachama akafumba mdomo mwenyewe. Baiolojia siiogopi, kemia nimeizoea. Ninachokiogopa ni picha za michemraba.

Wanakuchorea michemraba iliyogandishwa pamoja kama rundo. Wanakwambia imepakwa rangi kila upande ulio wazi, isipokuwa chini ilipokalia. Kisha wanauliza: mingapi ina rangi pande mbili? Mingapi pande tatu? Kila swali halipati hata dakika nzima. Siku ya kwanza kuziona nilicheka peke yangu, baba. Nikasema, hili si rundo letu la matofali kule nyumbani Nyololo?

Ukishamaliza kupanga matofali pale kando ya barabara, ulikuwa unakoroga chokaa kwenye ndoo na kulimwagia rundo lote kwa fagio, pande zote na juu. Mwizi akichomoa tofali, asubuhi panabaki pekundu, kama pengo la jino. Nilipokuwa darasa la tatu ulinipa kazi ya kulizunguka kabla ya kwenda shule.

"Mama," uliniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la bibi, "za kona za juu zina nyeupe ngapi?"

"Tatu."

"Za ukingoni?"

"Mbili."

"Na za ndani kabisa?"

"Hazina."

"Hazina, lakini zipo?"

"Zipo, baba."

Zipo. Hilo ndilo lililoniponza.

Daktari wangu hapa kliniki ni dada mmoja wa Iringa, mpole, anakaa na mimi saa ya chakula cha mchana tunafanya mazoezi. Wiki iliyopita kulikuwa na picha yenye mnara mrefu mbele, na nyuma yake huoni kitu. Kitabu kina jibu lake, mimi nilizidisha mmoja.

"Huu wa nyuma ya mnara umeutoa wapi?" akauliza.

"Upo, dada. Hauonekani tu."

"Kuna kitu kimeukalia juu?"

"Hakuna."

"Sasa nani kakwambia upo?"

 Nilitaka kusema, baba yangu. Kwetu nafasi haiachwi wazi eti kwa sababu mnunuzi haioni. Akanionyesha maelekezo ya juu ya ukurasa, ambayo siku zote nilikuwa nayaruka kwa haraka. Usiouona unauhesabu tu kama kuna mwingine umesimama juu yake. Kama hakuna, uache.

"Hapa si uaminifu wa mtu unaouhesabu," akasema. "Unahesabu picha."

Usiku na mchana nimekuwa nikimkumbuka yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi kutoka Mbeya mjini. Alilizunguka rundo lako mara tatu, mikono mgongoni.

"Mzee, hapa kati si umeacha shimo?"

Ukamletea kiti akanyagie. "Panda juu, bosi. Rukaruka. Ukidumbukia, beba zote bure."

Akapanda kweli, na viatu vyake vya ngozi, akaruka. Alishuka suruali nyeupe mpaka magotini. Mama alicheka mpaka akakaa chini, na yule bosi hakununua tena kwa mtu mwingine.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa.

Mwaka jana, siku ya mtihani wa kwanza, ulinipigia jioni ileile. "Vipi, mama?" Matokeo nilikuwa nimeshayaona kwenye kompyuta. Michemraba ilikuwa imenishusha chini ya alama wanazotaka. Nikakujibu, "Nimefaulu baba, nasubiri barua tu." Nilipanga nije nikwambie uso kwa uso Krismasi. Lakini ulishawaambia Nyololo nzima, mpaka madereva wa malori waliosimama kununua mahindi, na Krismasi haikukukuta. Siku ya kukuzika, watu walikuwa wananishika mkono na kunisalimu kwa kilugha: "Kamwene, daktari. Pole, daktari." Nikaitika. Mbele ya jeneza lako, baba, niliitika.

Chuo kile kinaruhusu kujaribu mara mbili tu. Alhamisi ndiyo ya mwisho.

Jumamosi nilienda nyumbani. Rundo lako la mwisho bado lipo, mama hataki kuliuza, na mvua imeanza kuichuja chokaa. Nililizunguka kama zamani. Ukingoni, upande wa shamba, nikakuta pengo jekundu.

"Mama, tumeibiwa tofali!"

"Nimelichukua mimi," akajibu kutoka jikoni. "Kopo la maua pale kaburini kwa baba yako lilikuwa linaanguka kila siku. Nimelishikizia."

Hapo ndipo nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua maharage mpaka ungo ukaisha.

"Basi huo uongo kaufanye uwe kweli," akasema. "Na baba yako kamwambie mwenyewe. Mimi usinitume."

Ndiyo maana nakuandikia. Sikufaulu, baba. Nilikudanganya. Rundo nililokuonyesha lilikuwa jeupe nje, katikati hamna kitu, na wewe hukupanda juu kulijaribu kwa sababu lilikuwa langu.

Alhamisi nitasoma maelekezo kwanza. Nitahesabu ninaouona na ule uliobeba mwingine, mingine niiache.  Nikifaulu nitakuja. Nikifeli nitakuja vilevile, nisimame pale penye kopo la maua nikwambie kwa mdomo wangu, wiki hiyohiyo, bila kungoja Krismasi.

Haya niliyoandika humu sikuacha nafasi kati yake. Ukiwa na shaka, panda juu, baba. Rukaruka.

Pumzika salama.

Ni mimi mwanao, yule uliyemwita mama.